Nilivyojifunza kumwachia nahodha aseme na refa

Kwenye karatasi ya alama ya mpira wa wavu kuna kisanduku cha adhabu. Mchezaji akiadhibiwa, mwandishi hujaza namba ya jezi yake. Kocha akiadhibiwa, hujaza herufi C. Mimi nimeiona C yangu kwa macho yangu: safu ya kadi nyekundu, seti ya tatu, 23 kwa 24. Chini ya karatasi hiyo hiyo ipo saini ya nahodha wangu, maana mechi ikisha manahodha wote wawili hutia saini. Alitia saini, akaweka kalamu mezani, akapita mbele yangu bila ya kunitizama.

Nafundisha timu ya wasichana ya chuo kimoja hapa Unguja. Safari ile tulivuka kwenda Pemba msimu wa kusi, bahari imechafuka, na wachezaji wawili walitapika mpaka tunafunga gati Mkoani. Kutoka Mkoani tukapanda gari hadi Chake Chake. Njia nzima karafuu zimeanikwa kwenye mikeka, harufu inaingia dirishani, na mimi nimekaa mbele nachora mpangilio wa timu kwenye bahasha. Nilikuwa na hamu ya mechi ile kupita kiasi.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa wazi, hauna taa. Mchezo ukaanza baada ya sala ya alasiri. Anayecheza wavu Zanzibar anaijua hesabu hii: mechi inaweza kufika seti tano, na jua letu linazama mara tu baada ya saa kumi na mbili. Kila dakika inayoliwa na mabishano inatoka kwenye mwanga wa wachezaji.

Seti ya kwanza tukachukua sisi, ya pili wakachukua wao. Katikati ya ya pili nilishapewa kadi ya njano kwa kumpigia kelele refa wa pili, yule anayesimama chini karibu na nguzo ya wavu. Kadi ya njano haikutoi alama, ni onyo tu, na mimi nililipokea kama vile nimeruhusiwa kuendelea.

Tukafika 23 kwa 23 seti ya tatu. Mshambuliaji wao akapiga smashi, mzuiaji wetu wa kati akaruka, mpira ukagonga mikono yake ukarudi kuanguka upande wao. Wasichana wangu walikuwa wameshaanza kukumbatiana. Filimbi ikalia, na refa wa pili akaonesha kuwa sisi tumegusa wavu.

Nilitoka kwenye benchi, nikapita mstari, nikaenda mpaka kwenye nguzo. Nilimwambia yule refa, mtu mzima mwenzangu, mbele ya wanafunzi wangu na wa wenyeji, kwamba hajui kazi na hajui anachotizama. Nilisema na mengine ambayo nisingependa mwanangu ayasikie. Refa wa kwanza, juu ya ngazi yake, akanyanyua kadi nyekundu.

Aliyezoea kandanda hufikiri kadi nyekundu ni kutolewa nje. Kwenye wavu siyo. Nyekundu peke yake inawapa wapinzani alama moja na haki ya kusevu, yaani kuanzisha mpira. Kutolewa mpaka seti iishe ni njano na nyekundu zikishikwa kwa mkono mmoja, na kufukuzwa mechi nzima ni kadi hizo hizo mbili zikioneshwa kila moja kwa mkono wake. Sasa piga hesabu. Kosa la wavu liliwapa wenzetu 24. Kadi yangu ikawapa 25. Seti imekwisha. Hapakuwa na mpira uliorushwa, hapakuwa na mtu aliyesevu. Wasichana sita waliopigania alama 23 walipoteza seti wakiwa wamesimama, kwa mdomo wa mtu ambaye hata uwanjani hayumo.

Seti ya nne hatukuwa na timu tena.

Kesho yake asubuhi, ndani ya gari la kurudi Mkoani, yule mzuiaji wa kati alisogea kiti cha nyuma yangu. Akanyoosha kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Kilikuwa kimefungwa plasta, na ncha ya plasta ile imechanika, nyuzi zimetoka. Akasema, "Maalim, niligusa. Kwa hiki. Nilitaka kukwambia pale pale, lakini ulikuwa unasema."

Nikamuuliza nahodha, na wewe uliona? Akajibu kwamba hakuona, na ndiyo sababu alikwenda chini ya ngazi ya refa wa kwanza na kunyanyua mkono, aulize kosa ni la nani. Alisimama pale mkono juu muda wote nilipokuwa napiga kelele. Refa hakumsikiliza kwa sababu alikuwa ananisikiliza mimi.

Hapo ndipo iliponikaa. Kanuni za mchezo huu, zile za FIVB, shirikisho la dunia la mpira wa wavu, tunazozifuata, zinampa mtu mmoja tu wa timu haki ya kuzungumza na refa wa kwanza: nahodha aliye uwanjani, mpira ukiwa umekufa. Yeye anaweza kuomba maelezo ya uamuzi. Anaweza kuomba mpangilio wa timu uhakikiwe, au wavu na mpira vikaguliwe. Asiporidhika na maelezo, anamwambia refa pale pale kwamba anahifadhi haki ya kuandika malalamiko baada ya mechi. Kocha ana mambo yake, na ni mengi: kuomba muda mara mbili kila seti, sekunde 30 kila mara, kubadilisha wachezaji mara sita, kusimama na kutembea mbele ya benchi lake, kuanzia usawa wa mstari wa mita tatu hadi kwenye kona ya kupasha moto, akiwaelekeza wachezaji wake. Kubishana hakumo. Haya nilikuwa nayajua, na vyeti ninavyo. Lakini niliishi kama vile sauti ya nahodha ni sauti yangu niliyomuazima, na mimi nikitaka naichukua.

Kitu cha kwanza nilichofanya niliporudi ni kuomba kushika filimbi. Kwenye mechi za kirafiki za vyuo marefa ni wachache, waandaaji hawakukataa. Nikapewa nafasi ya refa wa pili, pale pale kwenye nguzo. Kocha anayebishana naomba asimame hapo siku moja tu. Kazi yako ni wavu, miguu inayopita mstari wa kati, na mpangilio wa timu inayopokea. Ukiukazia macho wavu, mpira unaupoteza. Unaondoka juu yako na huujui umeangukia wapi mpaka usikie watu. Nilipuliza kosa moja la wavu, la wazi kabisa, na kocha wa upande ule akanijia juu kuhusu mpira uliotoka nje kwenye kona ya mbali, kitu ambacho si changu na wala sikukiona. Hasira yake nilikwenda nayo nyumbani, na usiku nikawa naitafakari. Nilijua inaonjwaje kwa sababu nimewapikia wengine miaka.

Kazi kubwa ilikuwa nahodha. Msichana huyu ni mwanafunzi wa ualimu, mpole, sauti yake ndogo. Amelelewa kwamba mkubwa hajibizwi, na refa mara nyingi ni mtu wa umri wa baba yake, pengine aliwahi kumsomesha skuli. Sikutaka kumvunjia adabu ile. Nilitaka aitumie. Kwa hiyo tulitafuta maneno ambayo binti mwenye adabu anaweza kuyasema na yakabaki na nguvu. "Samahani Maalim, naomba maelezo. Kosa ni la nani, na ni kosa gani?" Hayo tu. Asiseme "hapana", asiseme "mbona wao".

Kila Jumanne, robo saa ya mwisho ya mazoezi, nilipanda ngazi mimi na kupuliza vibaya kwa makusudi. Mpira wa ndani nauita wa nje. Mguso halali nauita kosa. Yeye aje kuuliza. Wiki za mwanzo alikuwa anakuja, ananitizama, macho yanashuka, anarudi. Wenzake wakawa wanamsukuma. Kiasi cha mwezi ukapita. Kisha akagundua jambo ambalo mimi sikumfundisha: akisimama hatua mbili tatu kutoka kwenye ngazi, mikono nyuma, akanyamaza, mtu aliye juu huinama mwenyewe kumsikiliza. Nilijikuta nainama. Katika miaka yangu yote ya kukimbilia nguzo sijawahi kumuona refa akiniinamia.

Pia tulikubaliana kipi kinaulizwa na kipi hakiulizwi. Mpira umeanguka ndani au nje ni macho ya refa na ya mshika kibendera, huna cha kulalamikia. Unaloweza kuulizia ni kanuni: imetumikaje, kwa nini. Sisi makocha karibu kelele zetu zote ni za macho. Wachezaji nao huleta yao kutoka kwenye simu. Seta wetu, yule anayewapasia washambuliaji, alishikilia kwamba kugusa mpira mara mbili katika pasi si kosa tena, kwa kuwa ameona wasichana wa vyuo vya Marekani wakiachiwa. Na kweli, mwaka 2024 vyuo vya kule vililiondoa kosa hilo kwenye mguso wa pili katika mchezo wa wanawake, mradi mpira ubaki upande wa timu ile ile. Lakini hizo ni kanuni zao wenyewe. Kwetu kosa bado lipo, na ilinibidi nimuoneshe kitabu ndipo anielewe. Nilifurahi kwamba alibishana na mimi mazoezini, si na refa mechini.

Upande wangu nilijitafutia daftari. Nachora visanduku sita, naandika namba za wachezaji kila tunapozunguka, na filimbi ikilia dhidi yetu najilazimisha kuandika namba ya aliyekosa na aina ya kosa kabla ya kunyanyua uso. Refa akishapuliza, mpigaji ana sekunde nane tu za kusevu, kwa hiyo mpaka nimalize kuandika mchezo umeshaendelea. Na mchezaji mmoja wa akiba nilimpa ruhusa ya kunivuta shati nikipita mstari. Amenivuta mara mbili. Mara zote mbili nilirudi.

Tulirudi Pemba mwaka uliofuata, chuo kile kile, uwanja ule ule. Katika seti ya pili namba 7 wetu alisevu, na mara mwandishi wa alama akamwita refa: tumekosea zamu ya kusevu. Filimbi, alama kwa wenyeji. Nikatizama daftari langu, namba 7 ndiyo zamu yake. Damu ikanipanda mpaka masikioni. Nahodha alishanyanyua mkono. Akaenda, akasimama mbali kidogo, mikono nyuma, refa wa kwanza akainama.

"Samahani Maalim, naomba mpangilio wetu uhakikiwe."

Refa wa pili akaenda mezani. Niliona kidole chake kikitembea kwenye karatasi, kikarudi, kikatembea tena. Mabadiliko ya mchezaji yalipofanywa, mwandishi alikuwa ameruka mstari mmoja. Alama ikafutwa, mpira ukachezwa upya. Yote hayo hayakufika dakika mbili, na hakuna aliyedhalilika, si mwandishi, si refa, si timu ya wenyeji. Yule refa wa pili alikuwa ndiye yule niliyemtukana. Alipopita mbele ya benchi letu nilimwomba radhi baada ya seti, na akanipa mkono.

Si kila mara mambo yanageuka. Seti ya nne mpira wao uliangukia kwenye mstari wetu wa nyuma na ukaitwa wa ndani. Mimi niliuona ukigusa mchanga, vidole viwili nje ya chokaa, na hata leo nasema ulikuwa nje. Nahodha hakuuliza, kwa sababu si wa kuuliza. Akawakusanya wenzake, wakashikana mikono, wakapokea sevu iliyofuata. Mwanga ukatutosha mpaka seti ya tano. Wenyeji walishinda 15 kwa 12, na wakati manahodha wanatia saini, msikiti wa jirani ulikuwa unajaribu kipaza sauti.

Nahodha yule amehitimu, sasa anasomesha. Hili ndilo gumu la timu za vyuo: ukishamjenga mtu, muda wake umekwisha. Aliye sasa ni wa mwaka wa kwanza, hodari kuliko yule kwa mchezo, mwoga zaidi kwa maneno. Jumanne napanda tena ngazi, napuliza vibaya, namsubiri. Wiki iliyopita kwenye mechi ya kirafiki Tunguu filimbi ililia dhidi yetu kwa kosa ambalo sote hatukulielewa, naye akageuka kunitizama mimi kwanza. Nikainamia daftari, nikaandika namba. Niliponyanyua uso alikuwa nusu ya njia kwenda kwenye ngazi, na mikono ameiweka nyuma.