Kofia ya machinga mjini Seoul

Korea nilikwenda kuchagua marobota ya mitumba, na maghala ya Incheon sina la kuyasimulia zaidi ya vumbi na chai ya bei mbaya. Jumapili wakafunga, nikapanda treni kwenda Seoul kutazama kasri la Gyeongbokgung.

Kiingilio ni won 3,000, ila ukivaa hanbok, mavazi yao ya asili, unaingia bure. Mswahili na neno bure! Nikalipa won 20,000 za kukodi joho ili niokoe hizo 3,000. Nimeshavaa, mwenye duka ananiambia kofia ina bei yake: gat, ile nyeusi ya ukingo mpana, 10,000 nyingine. Kuishika, plastiki tupu. Gat yenyewe husukwa kwa nyuzi za mwanzi na singa za farasi, ikapakwa laka, nyepesi hadi unaona kwa ndani kishungi cha nywele walichofunga wanaume utosini. Mafundi wa mji wa Tongyeong ndio wenye sifa zake. Nikakataa. Kwenye kona palikuwa na kofia ya mwanzi yenye vibonge viwili vya pamba, 2,000 tu. Nikaivaa hiyo.

Langoni Gwanghwamun mzee mmoja aliponiona alicheka hadi akamshika bega mjukuu wake. Binti huyo akanitafsiria kwa aibu: "Babu anasema una joho la bwana mkubwa na kofia ya mchuuzi."

Mzee akanisimamisha pale kivulini, nikapewa darasa zima. Enzi za Joseon, ufalme wao wa zamani, ulijulikana kwa ulichovaa kichwani. Mwenye gat alibaki nayo hata mbele ya mgeni sebuleni. Mchinja nyama alikatazwa kuivaa. Fungu lake ni paeraengi, hii ya mwanzi. Vibonge vya pamba vilikuwa alama ya bobusang, wachuuzi waliozunguka magulioni na mizigo mgongoni. Wakubwa walishindana kutanua ukingo wa gat hadi Daewongun, baba wa mfalme Gojong, akaamuru upunguzwe. Mwishoni mwa 1895 ikaja amri ya kukata vishungi, na watu wakaipinga kwa hasira.

"Mwambie babu mimi ni machinga kweli," nikasema. "Nauza nguo Karume, Dar es Salaam. Nguo zenyewe mlizovua nyinyi."

Mzee akanyamaza, akaangua kicheko kipya, kisha akanifungua kamba za kofia na kuzifunga upya chini ya kidevu, kwa mikono yake, akizivuta hadi zikakaa sawa. Nikawakumbuka wazee wa Unguja barazani: kabla hujamaliza salamu wameshajua kofia yako imeshonwa kwa mkono au kwa mashine, na wanakupa nafasi ya kukaa kwa kadiri hiyo. Na kwetu nako, enzi za utumwa, mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia mbele ya bwana wake.

Kasri kubwa, jua kali, maji ya chupa ghali. Jioni mwenye duka akavihesabu vibonge: kimoja hakipo. Akanitoza won 5,000, kwa pamba isiyoziba hata sikio.