Usijifungie AC mwenyewe jamani
Naona watu wananunua AC mtandaoni halafu wanaifunga wenyewe eti kuokoa hela ya fundi. Kuitundika ukutani sio ishu, ishu iko kwenye zile paipu za kopa, zisipovutwa hewa na pampu ya vakyumu kabla ya kufungulia gesi unyevu unabaki ndani, unachanganyika na oili, na mdogo mdogo kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, inaliwa. Halafu gesi ya R32, ile ya kupoza iliyomo kwenye AC nyingi, inaweza kushika moto, so nati iliyokazwa vibaya sio kitu cha kupuuzia. Ukienda kudai waranti unaulizwa nani alifunga, imeisha hiyo. Hita ya gesi ndo usiguse kabisa, bomba la moshi likivuja inatoka kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mmelala humo humo na watoto.