Kiwanja kilichokuwa shamba la zabibu

Mwaka 2019 ndo tulianza kujenga huku Veyula, Dodoma. Si unajua serikali ilivyohamia, viwanja vikapanda bei, kila mwenye shamba anakata vipande anauza, na chetu kilikuwa shamba la zabibu la mzee mmoja wa palepale, visiki bado vipo. Bibi mzaa mama akaja toka Mvumi kutuona, hata maji hajanywa kashazunguka nyuma ya nyumba anauliza mlenda uko wapi, maboga yako wapi, mnakula nini nyie?

Jembe likatafutwa. Sasa kona moja, karibu na palipokuwa kibanda, udongo mtupu, hata magugu hayaoti, kuchimba kidogo tunatoa vichupa na makopo yenye kutu. Nikamwita yule mzee. Akasema bila kuficha, hapo ndo tulikuwa tunachanganyia dawa miaka yote, mrututu na chokaa kwa ajili ya ukungu, salfa, na za wadudu ambazo majina kashasahau. Mrututu una shaba, na shaba haiozi, kila ukipiga dawa inadondoka inajikusanya palepale juu juu. Za wadudu tusizozijua ndo zilinitisha zaidi, maana kuna zile za zamani kama DDT zinaweza kukaa ardhini hata zaidi ya miaka kumi, na maboga yanazivuta kuliko mboga nyingi.

Bibi akanisikiliza weee, halafu: "Mjukuu wangu, na zabibu zake si mlikuwa mnakula?"

Swali zuri kwa kweli. Nikamwambia bibi, zabibu zinaning'inia juu, mlenda mvua ikinyesha unarukiwa na tope lote, halafu hawa watoto wanashinda hapo wanachezea udongo, mikono mdomoni. Hilo la watoto ndo lilimwingia. Kona ikazungushiwa miiba siku hiyohiyo, maboga akayafuta kabisa, akaagiza viroba na udongo wa kwa shemeji ambako hakujawahi kupigwa dawa.

Ikabaki samadi. Tukaenda kwa jirani mwenye zizi, bibi baada ya salamu tu anamuuliza, baba, hawa ng'ombe mnawaogesha na dawa gani, na josho liko wapi? Jamaa akacheka mpaka akakaa chini. "Bibi, unanunua mbolea au unaposa?"

Alijibiwa maswali yote ndo akatoa hela.