Goti Liliitika

Bibi alikuwa ameapa kutopanda tena chombo chochote cha majini. Ilikuwa Agosti 1996, miezi mitatu tangu MV Bukoba izame Mei 21 ikiwa inakaribia Mwanza, na kule kwao Sengerema vilio vilikuwa havijanyamaza. Kwa hiyo tulipomkuta amesimama mlangoni kwetu Mabatini, mjini Mwanza, kanga mbili na kikapu kidogo mkononi, mama hakumuuliza kama amekuja kutusalimia. Mtu aliyeapa vile havuki kwa kivuko cha Busisi bila shida kubwa.

Kujua anaumwa nini ndiyo ilikuwa kazi. Mama ni Mhaya wa Muleba, na Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha kuhesabu pesa na kununua chumvi. Baba, ambaye angewaunganisha, alikuwa safarini na lori. Tena hata wangekuwa na lugha moja, kuna mambo mama mkwe hamwambii mkwewe. Nikabaki mimi, mtoto wa miaka 11, niliyelelewa na bibi mpaka nilipofika umri wa kuanza shule. Mama alikuwa na mzigo wa dagaa Mwaloni ambao usingesubiri. Akanipa nauli, akanipa daftari la hospitali, akasema, "Mpeleke bibi yako zahanati. Kila atakachosema, wewe useme vilevile."

Sikusema vilevile.

Inabidi nieleze kidogo kuhusu kibao. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba ya katani. Ukikamatwa unaongea kilugha unavishwa, na unakaa nacho shingoni mpaka umkamate mwenzako naye ameteleza. Nilikivaa mara mbili nikiwa darasa la kwanza, mgeni kutoka Sengerema. Nakumbuka ile kamba ilivyokuwa na unyevu, inanuka jasho la shingo za wengine. Nilijifunza haraka. Nilikaa chooni peke yangu nikisema "barabara, karoti, mara tatu", mpaka ile "r" ikakaa ulimini na watu wakaacha kuniita Ngosha, jina la utani la Wasukuma. Nilipofika darasa la tano, ungenisikia ungedhani nimezaliwa mjini. Bibi alipokuja kututembelea nilikuwa namjibu kwa Kisukuma ndani ya nyumba, na nje nanyamaza.

Zahanati ilikuwa imejaa. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka karibu saa tano. Bibi alinitania njia nzima, maana kwake mimi nilikuwa "mume wangu" na hakuna lililokuwa gumu kuniambia. Ila kadiri zamu yetu ilivyokaribia ndivyo alivyozidi kunyamaza, akikunja na kukunjua pindo la kanga.

Tulipoingia, nesi alikuwa anaandika. Bibi alisimama mbele ya meza akasema, kwa ile sauti ndefu ya heshima, "Mwangaluka mayu."

Nesi aliinuka nusu. Na nilikiona kwa macho yangu, nilikuwa pembeni ya meza: goti lake la kulia lilijikunja, kidogo tu, kama wanavyofanya mabinti wa Kisukuma wakisalimiwa na mtu mzima. Kisha likanyooka ghafla. Akakaa, akavuta daftari.

"Hapa tunaongea Kiswahili, bibi. Wewe mtoto, anaumwa nini?"

Bibi akanieleza. Alisema tumbo la chini linamvuta tangu kipindi cha mavuno. Halafu akashusha sauti, akasema anatoka mininga, siku nyingi sasa, yeye ambaye mambo ya mwezi yalikuwa yameshamwacha kabla mimi sijazaliwa. Mininga ni damu. Nilikuwa nalijua neno hilo vizuri. Kwa bibi tulichinja mbuzi na kuku. Lakini nilielewa vilevile kwamba hili lilikuwa jambo la wanawake. Mlango ulikuwa wazi, na kwenye benchi la nje alikuwepo mvulana wa shuleni kwetu na mama yake.

"Tumbo linamuuma," nikasema.

"Tu?"

"Ndiyo. Tumbo tu."

Nesi aliandika. Akanipa vidonge vya minyoo kwenye karatasi iliyokunjwa, akasema, "Mwambie anywe mala mbili." Akasita. Akarudia, "Mara mbili." Na mimi niliyekaa chooni nikiifukuza ile "l" niliijua ilikotoka.

Tulitoka mpaka kwenye mti wa mwembe uliokuwa uani. Bibi hakuendelea. Aliniangalia kwa muda.

"Mume wangu," alisema kwa Kisukuma, "sikusikia umesema damu."

Damu, kwa Kiswahili. Sikujua kama analijua. Kumbe katika yale maneno machache aliyokuwa nayo, hilo lilikuwemo, na muda wote ule alikuwa amelisubiri litoke kinywani mwangu. Nilianza kulia. Hakunigombeza. Alinifuta uso kwa pindo la kanga lile lile alilokuwa analikunja, akasema hilo halikuwa neno la kumbebesha mtoto, kosa ni lake. Kisha akageuka kuuangalia mlango wa zahanati.

"Yule binti ni wa kwetu. Mdomo umekataa, lakini goti limeitika. Nisubiri hapa."

Akarudi peke yake. Akapita foleni yote, watu wakaguna, akaingia na kuufunga mlango. Nilimfuata nikasimama ukutani chini ya dirisha. Mwanzoni nilisikia sauti ya bibi peke yake. Halafu kimya. Halafu nikamsikia nesi, kwa sauti ya chini, Kisukuma safi cha huko vijijini kuliko hata changu, akiuliza tangu lini, ni nyingi kiasi gani, kama kuna maumivu akilala. Nikamsikia akisema mininga. Alilisema kama neno lolote la kazini.

Simlaumu yule nesi, na sijawahi. Huenda naye aliwahi kuvishwa kibao. Wala sina ugomvi na Kiswahili. Bila Kiswahili, Mhaya wa Muleba na Msukuma wa Sengerema wasingeoana, na mimi nisingekuwepo. Nchi yenye lugha zaidi ya 120 ilihitaji mahali pa kukutania, na naamini serikali ilifanya vema mwaka 1967 ilipokifanya lugha ya kufundishia shule za msingi. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Mzanaki wa Butiama, lugha yake ya kwanza Kizanaki. Kinachoniuma ni kwamba mahali fulani njiani tuliongeza jambo ambalo umoja haukulidai: kwamba mtu akiwa nyuma ya meza ajifanye hamwelewi mama yake.

Siku ile bibi aliandikiwa kwenda hospitali kubwa ya Bugando. Walimkuta na uvimbe kwenye kizazi, wakautoa, na aliishi mpaka 2009. Mwaka 2025, daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa, nilivuka zile kilomita tatu kwa dakika chache nikiwa na binti yangu, na ndipo kwa mara ya kwanza nilipomsimulia habari hii. Aliniuliza mininga ni nini.

Lakini nilikuwa kwenye zahanati. Nesi alimsindikiza bibi mpaka nje, amemshika mkono. Alipofika mbele ya benchi, watu wote wakiangalia, bibi alimwambia "Wabeja," yaani asante, na nesi akapiga goti, sasa mpaka chini.

Kwenye daladala bibi alikaa dirishani. Aliniuliza hilo neno linatamkwaje sawasawa, maana huko Bugando hakujua atamkuta nani. Nikamwambia. Akalisema. Nikamrekebisha. Akalisema tena, kwa sauti kubwa, jinsi wazee wanavyojifunza: "Damu. Damu. Natoka damu." Abiria wakageuka. Konda akageuka. Mimi nikamwambia, kwa Kisukuma, na nje ya nyumba, kwamba sasa amelipata.