Saa ya mkononi iliyonizidishia kilomita, na jinsi nilivyoirekebisha

Kila asubuhi natembea kutoka Milimani, Nakuru, kuelekea upande wa Menengai. Saa yangu haina GPS. Inahesabu hatua kwa mtikisiko wa mkono, kisha inazidisha kwa urefu wa hatua iliokadiria kutokana na kimo changu. Jirani ninayetembea naye ana simu yenye GPS, na kila tukirudi yangu imemshinda karibu kilomita nzima.

Nilienda kwenye uwanja wa shule wenye njia ya mita 400. Nilishika njia ya ndani kabisa, kwa sababu za nje ni ndefu zaidi, nikazunguka mara 4 kwa mwendo wangu wa kawaida. Hiyo ni mita 1,600. Saa ilisoma hatua 2,130 na kilomita 1.85! Nikagawanya 1,600 kwa 2,130: sentimita 75. Kwenye mipangilio nilikuta imeandikwa 87.

Nilibadilisha, kisha nikazunguka tena nikikimbia, maana hatua ya mbio ni ndefu na ina nafasi yake pale kwenye mipangilio. Usipime ukiwa umeshika mkoba au mkono umo mfukoni. Hatua nyingi zitapotea.

Sasa tunapishana na jirani kwa mita chache tu. Kwenye mlima bado inazidisha kidogo, kwa kuwa hapo hatua hufupika, na hilo nimelikubali.