Usikubali fundi akutolee themostati, mwambie aweke mpya

Jamani wenye magari ya zamani hapa Arusha na Moshi, hii tabia ya kutoa themostati, kale kavali kanakofunguka na kujifunga kufuatana na joto la maji ya injini, tuiache. Ukipeleka gari inachemsha gereji, cha kwanza unaambiwa "hiyo tuitoe tu bosi, ni ya nchi za baridi". Mimi nina Corolla 110, injini ya 5A, nimeinunua mkononi kwa mtu, na asubuhi za mwezi wa saba natoka Njiro mpaka nafika mjini mshale wa tempu bado umelala chini na mafuta inakunywa balaa, halafu siku nikipandisha nayo Marangu imejaa watu mshale unapanda mpaka karibu na nyekundu. Gari hiyo hiyo moja! Nikafungua pale inapokaa themostati, hamna kitu, ilishatolewa zamani.

Na yote mawili, kunywa mafuta na kuchemsha, yanatokana na kukosa themostati. Injini ikikaa ya baridi kompyuta yake inajua bado haijapata moto, inazidi kumwaga petroli. Ya mlimani ndo watu hawaijui: themostati ya hizi Toyota ina vali mbili, moja inaruhusu maji ya rejeta yaingie kwenye injini, nyingine inaziba njia ya mkato ambayo maji ya moto huzungukia bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote, kwa hiyo sehemu ya maji inarudi ndani na moto wake ule ule. Toyota wenyewe kwenye vitabu vya mafundi wanaonya isitolewe hata kama injini inachemsha.

Kuipata sasa. Wengi wanaitafuta kwenye mpira wa juu wa rejeta, na kweli magari mengi iko huko, ila kwenye hii 5A fuata mpira wa chini mpaka unapoingia kwenye injini, kuna kikombe kimefungwa na nati, spana namba 10 inatosha. Injini iwe imepoa kabisa, sio vuguvugu, na maji umeshayamwaga kwa chini ya rejeta. Yangu yalitoka mekundu kama chai ya rangi, kutu tupu, maana walikuwa wanajazia maji ya bomba bila kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta yanayozuia kutu.

Mpya usiifunge kabla hujaijaribu. Yangu imegongwa namba 82, ndo nyuzi inazoanza kufunguka. Ining'inize na waya kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka jikoni. Huku Arusha tuko juu mita 1400 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, zinatosha. Ile silinda ndogo ya katikati ina nta ndani, nta ikiyeyuka inavimba inasukuma vali, unaiona inaachia pole pole mpaka inafika kama milimita 8, ukiitoa kwenye maji inajifunga yenyewe. Ambayo haifunguki au haijifungi, rudisha dukani saa hiyo hiyo. Napenda sana kuiangalia hii, kitu hakina waya wala umeme na kinajua kazi yake.

Kufunga: springi iangalie injini, kale katundu kenye kapini kanakochezacheza kakae juu ili hewa ipate pa kutokea, sili ya mpira iwe mpya, na pale inapokalia pakwanguliwe kutu yote. Nati kaza kawaida tu, kikombe ni aluminiamu.

Jaza kulanti taratibu, mfuniko wa rejeta wazi, washa gari, hita weka kwenye moto, minya minya mipira mpaka mapovu yaishe na feni iwake yenyewe na kukata. Sasa hivi mshale wangu unakaa chini ya nusu kidogo, Njiro au Marangu haujali. Kesho yake kabla hujawasha cheki tena maji, kwa kawaida yanakuwa yameshuka kidogo, ongezea ndo ufunge mfuniko uondoke.