Nyama ya Chibinda

Mwaka 2009 tulikwenda Katuba, Lubumbashi, kumposea kaka yangu. Sisi ni Waluba wa upande wa Kamina. Wakwe walikuwa Walunda wa Kapanga, kule Musumba anakokaa mfalme wao, Mwant Yav. Nilidhani tutabishania mbuzi na vitenge. Kumbe tulikuwa na deni la zaidi ya miaka mia tatu.

Mjomba wa binti aliisogeza kando karatasi ya mahari, akajikohoza. "Wakwe, kabla ya haya. Chibinda Ilunga alitulipa nini?"

Baba mkubwa, msemaji wetu, akacheka. Alishajua anapelekwa wapi. Mzee akaanza tangu mto Kalanyi. Chifu wa Walunda alikuwa akisuka mkeka, kando yake beseni la maji meupe alimoloweka nyuzi. Wanawe Chinguli na Chinyama wakarudi wamelewa, wakadhani ni pombe ya mchikichi na kwamba wananyimwa, wakampiga. Ndipo bangili ya ufalme, lukano, iliyosukwa kwa mishipa ya binadamu, ikaenda kwa binti, Lueji. Kisha akatokea mwindaji wa Kiluba, Chibinda Ilunga, na upinde wake. Lueji akampenda, akamvika lukano, na kaka zake wakaondoka kwa hasira kuelekea magharibi; habari zao zinasimuliwa hadi Angola.

"Mlichukua mke na ufalme kwa nyama ya porini," mzee akamaliza. "Leo mtalipa vyote viwili."

"Bila mwindaji wetu Mwant Yav mngempata wapi?" baba mkubwa akajibu. "Na chifu wenu Kazembe angefika mto Luapula?"

Shangazi wa binti, aliyekuwa akigawa bukari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, hakuinua hata macho. "Lueji hakuolewa. Aliajiri mume. Alipokosa mtoto, hata mke wa pili, Kamonga, alimtafutia yeye mwenyewe, na aliyerithi akazaliwa huko."

Tulicheka mpaka majirani wakachungulia.

Wanahistoria wengi hawakichukui kisa hiki kama habari ya mapenzi. Ni namna ya kueleza jinsi taratibu za utawala wa Kiluba zilivyopokewa na Walunda. Mimi nakubaliana nao, lakini kilichonivutia siku ile ni lile neno "mlichukua". Kwa Walunda, anayerithi cheo hurithi pia jina la mtangulizi wake na undugu wake, kwa hiyo machifu wawili hubaki kaka na kaka hata wenye damu yao wakiwa wamekufa zamani. Kwa utaratibu huo dola ilitanuka mbali bila kuhitaji jeshi kila mahali. Mjomba yule alituongelesha kana kwamba tulikuwepo.

Tukaongeza mbuzi mmoja. Msichana aliyekuwa akiandika, akiwa ameshapita koti la baba mkwe na blanketi la mama mkwe, akauliza huyu aandikwe wa nini.

"Andika: nyama ya Chibinda," mzee akasema.

Baba mkubwa akatia sahihi, kisha akadai risiti.